Kaleidoskopu ya nyumbani: vioo kwanza, shanga baadaye

Kila shule zikifungwa, maswali ni yale yale. "Nimetumia foili ya jikoni, mbona naona ukungu tu?" "Shanga zangu nzuri kabisa, mbona zikiingia ndani zinakuwa nyeusi?" "Mtoto anaona vizuri, mimi sioni kitu, au ni macho yangu?" (Ndiyo, ni macho yako. Tutafika huko.) Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, basi majibu yote haya hapa.

Kwa asiyeijua, kaleidoskopu ni bomba lenye vioo ndani. Unaweka jicho upande mmoja, upande wa pili kuna vitu vidogo vya rangi, na ukizungusha unaona maua yanachanua na kubadilika. Watoto wa kwangu wanaiita darubini ya maua, ingawa haivuti cha mbali wala haikuzi cha karibu. Aliyeibuni ni mwanasayansi wa Scotland, David Brewster, mwaka 1816, na mwaka uliofuata akaikatia hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwa yeye peke yake wa kuitengeneza na kuiuza. Hataza haikumfaa kitu. Watu walikuwa wakiitazama mara moja tu wanajua imetengenezwaje, na kabla mwenyewe hajajipanga zikawa zinauzwa London na Paris bila yeye kuambulia chochote. Sasa kama mtu aliweza kuiga kwa kuchungulia, wewe mwenye maelekezo mkononi utashindwaje?

Utashindwa ukianzia kwenye shanga. Karibu kila anayeniletea kaleidoskopu iliyogoma ameshinda siku nzima akichagua shanga na kupamba bomba kwa kitenge, halafu vioo akavibandika dakika tano za mwisho. Geuza mpango huo. Vioo vikikaa sawasawa, hata karatasi za pipi zitakupa maua. Vikikaa vibaya, hata dhahabu haitakusaidia.

Kwanza: nani atatazama?

Hili huwa halisemwi na ndilo linaloleta manung'uniko. Jicho la mtoto linaweza kuona vizuri kitu kilicho sentimita 10 kutoka usoni. La mtu wa miaka arobaini na kitu haliwezi, ndiyo maana anasoma meseji kwa kunyoosha mkono. Ya kwanza niliyoitengeneza ilikuwa fupi, ya bomba la toileti pepa. Watoto waligombania. Nikampa mama, akageuza, akatikisa, akasema, "Mwanangu, mimi naona moshi." Nikadhani nimeiharibu. Baadaye akaichukua tena akiwa na miwani yake ya kusomea usoni, akanyamaza muda mrefu, kisha akaita jirani.

Kwa hiyo, ikiwa ni ya watoto, bomba la sentimita 10 hadi 12 linatosha na ni rahisi. Ikiwa ni ya watu wazima, tafuta bomba la sentimita 20 hadi 25, au wape na miwani.

Vitu vya kuandaa

Bomba la karatasi ngumu. La toileti pepa kwa fupi, la karatasi za kufutia jikoni kwa refu. Maduka ya vitambaa, Kariakoo au Mtaa wa Biashara kule Mombasa, hubaki na mabomba yaliyozungushiwa majora. Mengi hutupwa, omba tu. Hayo ni magumu na hayabonyei, ila yakate kwa msumeno wa chuma, siyo kwa mkasi.

Vioo. Hapa una njia tatu, nazo hazilingani:

- Kava la CD lenye plastiki angavu. Nyumba nyingi bado zina rundo la kava za kwaya, kaswida na filamu ambazo CD zake zilishakwaruzika zamani. Plastiki hiyo, ikiwekewa kitu cheusi kwa nyuma, inaakisi kama kioo mwanga unaokuja kwa kulala. Haina makali kama ya kioo, ndiyo maana naipendekeza kwa anayeanza. Upande mfupi wa kava hauzidi sana sentimita 12, kwa hiyo inafaa bomba fupi.
- Kioo halisi cha kujitazamia. Nenda kwa fundi vioo na vipimo vyako, akukatie vipande vitatu kutoka kwenye mabaki. Usikate mwenyewe kama hujawahi. Picha yake inang'aa kuliko ya plastiki.
- Kioo cha ndani ya skana au mashine ya fotokopi iliyokufa. Mafundi wa mashine hizo huwa na mifupa yake nyuma ya duka. Ndani mna vioo vyembamba virefu vilivyopakwa utando wa kuakisi upande wa juu, siyo nyuma. Hivi ndivyo bora kuliko vyote. Kuvitambua, gusisha ncha ya ukucha: ukucha na picha yake kiooni vikigusana, ndicho. Kwenye kioo cha kawaida kunabaki nafasi kati yao. Usikifute kwa kitambaa kikavu, utakikwangua.

Foili ya jikoni iache jikoni. Hata uinyooshe vipi, ina mikunjo midogo, na kila mkunjo unavunja picha. Ndani ya pakiti ya krispi kuna afadhali kidogo ukiibandika kwenye kadi ngumu bila kuacha kiputo cha hewa, ila hata hiyo hutoa picha yenye mawimbi.

Vingine: karatasi ya manila nyeusi (au nyeupe uipake maka nyeusi), plastiki bapa angavu kama ya boksi la keki, karatasi nyeupe ya kawaida na tone la mafuta ya kupikia, gundi nyeupe, tepu nyeusi ya umeme, rula, penseli, mkasi, kisu cha karatasi, kipande cha msasa.

Vya kutia ndani: shanga za kioo zinazopitisha mwanga, karatasi za pipi za rangi, vipande vya mirija ya soda, bangili za kioo zilizovunjika. Mnaokaa pwani mna bahati, vile vigae vya chupa vilivyolainishwa na bahari havina mfano, rangi yake ni ya ukungu mzuri. Chagua vidogo tu.

Hatua kwa hatua

1. Pima bomba kwa ndani. Siyo kwa nje. Weka rula katikati ya mdomo wa bomba, soma kipenyo. Zidisha kwa 0.86: hapo umepata upana wa kila kioo kama kisingekuwa na unene. Bomba la sentimita 4 linakupa sentimita 3.4. Sasa punguza kwa ajili ya unene: kwa plastiki ya CD kata 3.3, kwa kioo cha milimita 3 kata 3.1. Usipopunguza vioo havitaingia, nawe utavisukuma kwa nguvu, na kitakachofuata unakijua.

2. Kata vipande vitatu vinavyolingana. Urefu uwe sawa na wa bomba, pungufu milimita moja. Kwa kava la CD, usijaribu kukata kwa mkasi, linapasuka kama nyufa za ukuta. Laza rula, pitisha kisu mahali pale pale mara kumi au kumi na tano bila kukandamiza sana, mpaka uone mfereji. Kisha weka mfereji kwenye ukingo wa meza, shika vizuri, bonyeza kwa chini mara moja. Litakatika mstari ulionyooka. Anza na makava mawili ya ziada, maana la kwanza huwa la kujifunzia. Watoto wasikae karibu, vipande hurukia machoni.

Kwa kioo halisi, lowesha msasa, usugue kingo zote kabla hujafanya kingine chochote. Kingo za kioo kipya hukata bila kuuma, unashtukia damu mezani.

3. Safisha, kisha usishike tena katikati. Futa kwa kitambaa laini na maji yenye sabuni kidogo, kausha (vile vya skana vipulize tu vumbi). Kuanzia hapo shika kingo tu. Alama moja ya kidole ndani itazaa alama za vidole pande zote.

4. Unganisha pembetatu. Laza vipande vitatu ubavu kwa ubavu, uso wa kuakisi ukiangalia meza. Acha nafasi kati yao: milimita 2 kwa plastiki, milimita 5 kwa kioo cha milimita 3. Watu wengi huvibananisha, halafu wakikunja, pembe hazifungi na tepu inachanika. Nafasi hiyo ndiyo inayoruhusu kingo za ndani zikutane ukikunja. Bandika tepu nyeusi ya umeme kwa nyuma kufuata urefu, inua, kunja ndani kama unafunga sambusa, ufunge kona ya tatu. Kama ni plastiki, zungushia manila nyeusi kwa nje, ikibana. Bila weusi huo, plastiki itabaki dirisha.

5. Jaribu kabla ya kuendelea. Fungua picha yoyote yenye rangi kwenye simu, ongeza mwanga wa skrini, simamisha pembetatu yako polepole juu yake na uchungulie kwa juu. Unapaswa kuona pembetatu zimeenea pande zote kama vigae vya sakafu, mistari inayozitenganisha ikiwa myembamba kama uzi. Isogeze taratibu juu ya picha: hapo tayari una kaleidoskopu, yaliyobaki ni nyumba yake. Ukiona mistari minene myeusi, kingo za ndani hazijakutana. Rudi hatua ya 4. Usijidanganye kwamba shanga zitaficha.

6. Ingiza kwenye bomba. Sukuma mpaka vioo vilingane kabisa na mdomo wa upande wa shanga. Ile milimita moja ibaki upande wa jicho. Vikicheza, jaza nyuma yake vipande vya gazeti vilivyokunjwa.

7. Tengeneza tundu la jicho. Kata duara la manila lenye ukubwa wa mdomo wa bomba, toboa tundu la milimita 8 katikati, weka kipande cha plastiki angavu kwa ndani ya tundu, bandika. Plastiki hiyo usiiache: ndiyo kinga kati ya jicho la mtoto na chochote kitakachovunjika ndani. Upande wa ndani wa manila uwe mweusi.

8. Funga upande wa shanga kwa plastiki angavu. Kata duara la plastiki ya boksi la keki linalotosha mdomo wa bomba kwa nje, libandike kwa gundi nyeupe kwenye ukingo, likigusana na ncha za vioo. Tumia gundi nyeupe na uvumilivu. Supaglu inakausha haraka, lakini mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki ambao haufutiki.

9. Tengeneza kikombe cha shanga. Kata ukanda wa manila wa upana wa sentimita 3, mrefu wa kuzunguka bomba na kupita sentimita 2. Uzungushe kwenye bomba, usibane sana, bandika ukanda kwenye ukanda wenyewe, siyo kwenye bomba. Ukikauka, uvue. Sasa chukua duara la plastiki na duara la karatasi nyeupe. Ile karatasi ipake mafuta kidogo sana ya kupikia, ifute ikauke, utaona inaanza kupitisha mwanga kama pazia. Bandika plastiki kwenye mdomo mmoja wa ukanda, kisha karatasi kwa nje yake, uifunge pembeni kwa tepu, maana gundi haishiki penye mafuta. Karatasi hii inatawanya mwanga, usione taa wala dirisha, uone rangi tu.

10. Weka kizuizi. Sentimita 2 kutoka mdomo wa bomba, zungusha na kubandika ukanda mwembamba wa boksi. Kikombe kikivaa bomba kitaishia hapo, na ndani itabaki nafasi ya sentimita 1. Usiipanue. Kitu kikikaa mbali na ncha za vioo, ua linakatika.

11. Tia vitu vya rangi. Simamisha kikombe wazi juu, tia vitu visivyozidi theluthi moja ya nafasi, shusha bomba ndani yake, inua uelekeze kwenye mwanga, zungusha. Vua, punguza, ongeza, rudia. Hii ndiyo sehemu tamu na unaweza kupoteza jioni nzima hapa. Mimi nina mazoea ya kuweka rangi mbili zinazotawala na moja ya kushtua, mfano bluu na kijani nyingi, nyekundu moja tu. Zikiwa rangi zote sawasawa macho yanachoka.

12. Funga kikombe kwa tepu. Sasa, na siyo kabla, pamba bomba kwa kitenge au chochote upendacho.

Onyo ambalo lazima lirudiwe kila ukimkabidhi mtoto: tazama upande wa anga, ukuta mweupe au taa. Kamwe usilenge jua.

Ukitaka nyota moja badala ya sakafu ya vigae

Badili kioo kimoja kati ya vitatu kiwe manila nyeusi isiyong'aa. Utaona ua moja la sehemu 6 likiwa peke yake gizani, na kwa maoni yangu ni zuri kuliko lile la vioo vitatu. Idadi ya sehemu ni 360 kugawa kwa pembe iliyo kati ya vioo viwili: nyuzi 60 zinatoa 6, nyuzi 45 zinatoa 8, nyuzi 30 zinatoa 12. Ukiacha vioo viwili na upana wa sentimita 3.4, upande mweusi uwe 2.6 kwa nyuzi 45, au 1.8 hivi kwa nyuzi 30. Hapa tundu la jicho lihamie karibu na kona vinapokutana vioo viwili. Ukiliacha katikati, sehemu za mbali za nyota zitakuwa hafifu kuliko za karibu.

Ikigoma

*Shanga zinaonekana nyeusi.* Ni shanga zisizopitisha mwanga. Mwanga unatoka nyuma yake, kwa hiyo unaona kivuli chake tu, hata ziwe nyekundu namna gani. Kabla ya kununua, inua shanga moja kuelekea dirishani: usipoona rangi iking'aa, irudishe. Chache nyeusi si mbaya, zinatoa michoro kama wino, ila zisiwe nyingi.

*Giza kila mahali.* Ama umejaza kupita kiasi, ama karatasi ya nje ni nene. Jaribu kwanza kutoa nusu ya vitu. Mara tisa kati ya kumi huwa ni hilo.

*Ua limekatika, nusu hii haifanani na ile.* Vioo havijafika mwisho wa bomba, au vimeteleza nyuma ulipokuwa unatikisa. Fungua upande wa jicho, visukume mbele kwa penseli, kaza kwa gazeti.

*Kila kitu kinaonekana mara mbili, kimoja hafifu.* Ni kawaida ya kioo cha kujitazamia, kwa sababu mwanga unaakisiwa na fedha ya nyuma na kidogo na uso wa mbele. Ukikereka sana, ndipo ukamtafute fundi wa fotokopi.

*Ukungu kwa mtu mzima, safi kwa mtoto.* Miwani ya kusomea, au bomba refu zaidi. Usiibomoe.

*Vitu vinaganda kwenye plastiki na havidondoki.* Karatasi za pipi hufanya hivyo hasa siku za ukavu, plastiki ikishasuguliwa inavuta vitu vyepesi. Fungua kikombe, pangusa ndani kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha kikauke chenyewe bila kusugua, uongeze shanga mbili tatu nzito ziwe zinavisukuma vile vyepesi. Wapo wanaojaza glisirini ili vitu vielee polepole. Inapendeza kweli, lakini kikombe cha manila hakiwezi kushika maji. Hiyo inataka kichupa cha kioo kilichofungwa sawasawa, kilichopitishwa kwa kulala mbele ya bomba, na uwe umeshatengeneza mbili tatu kavu kwanza.